Ramani za droni zimeigomesha Git, nizihifadhi wapi?

Swali
Wakuu habari zenu. Nipo Dodoma, napiga picha za droni mashamba ya zabibu, Hombolo na Mpunguzi. Ramani moja ni MB 700, na kila wiki natoa toleo jipya. Kazi naitunza kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, na jana usiku niliipandisha GitHub (tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git) saa mbili nzima, bando likaisha, nikanunua jingine, mwishowe ikakataliwa. Nimefuta faili, nikapandisha tena, bado inakataa! Mteja anataka kulinganisha Machi na Mei.

Jibu
Pole sana kaka. GitHub haipokei faili la zaidi ya MB 100, na kulifuta leo hakulitoi kwenye komiti (matoleo uliyokwisha kuyahifadhi) za nyuma. Nakili folda yote pembeni kwanza, kisha tumia Git LFS, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa:
`git lfs migrate import --include="*.tif"`
Historia itaandikwa upya. Ndani ya Git kitabaki kijifaili chenye alama ya kulitambua faili (sha256) na ukubwa wake. Ramani yenyewe inakaa kwenye hifadhi ya LFS.

Jibu
Kwa kazi ya kila wiki mimi ningetumia DVC, programu ya kutunza matoleo ya data kubwa sambamba na Git. Hifadhi unachagua mwenyewe: S3 ya Amazon, Google Cloud Storage, hata diski ya ofisini kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali). `dvc add`, komiti, halafu `dvc push` ya kupandisha ramani. Ila ramani ikibadilika hata kidogo inapanda yote, kwa hiyo ikate kitalu kwa kitalu. Kitalu ambacho hakijaguswa hakili bando.

Muuliza swali
Asante dada, hapo kwenye vitalu umenigusa. Nakata leo leo.