Mjadala: Kundi la mbogo lina ukubwa gani, na lipimwe kwa jicho la nani?

Mwanafunzi wa Wanyamapori
Ndugu zangu, nilihesabu mbogo siku nzima kwenye barabara moja ya Serengeti, nikapata makundi 5: manne ya dume mmoja mmoja, na moja la mbogo 96. Nikigawanya napata wastani wa 20 kwa kundi, lakini mwenzangu anashikilia kwamba namba hiyo haina maana, kwa kuwa hakuna mbogo hata mmoja anayeishi katika kundi la 20. Niandike nini?

Mpenda Hesabu
Mwenzako amesema kweli. Zidisha ukubwa wa kila kundi kwa wenyewe, jumlisha, kisha gawanya kwa wanyama wote: 9,220 kwa 100, unapata 92.2. Huo ndio ukubwa anaouishi mbogo wa kawaida, ilhali 20 ni ukubwa anaouona mtu aliyekaa garini. Mtafiti Jarman alilieleza jambo hili katika makala yake kuhusu maisha ya kijamii ya swala, nadhani mwaka 1976. Shida yetu ni kwamba bado tunahesabu kama madereva wa watalii, ambao wakikuta madume wawili wamelala topeni hutangaza kwamba wameona kundi.

Dereva Mstaafu
Nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwa madereva. Bwana Hesabu, madume hao wawili ni kundi, utake usitake. Dume akizeeka huliacha kundi la majike na ndama, akakaa peke yake au na wazee wenzake karibu na mto, na sisi tunaowapita kila siku tunawajua hata kwa pembe zilizovunjika. Namba yako ya 92.2 imewameza wote wanne kana kwamba hawapo, nawe unaiita namba ya mbogo! Ya mbogo yupi?

Mpenda Hesabu
Mzee wangu, neno la madereva naliondoa. Lakini kundi lazima liwe na kanuni, la sivyo kila mtu atakuja na lake; kwa mfano, tukubaliane kwamba mnyama aliye ndani ya mita 50 kutoka kwa mwenzake ni wa kundi hilo, basi.

Binti wa Mara
Makala ya Jarman ni ya 1974. Kuhusu hizo mita 50, zipeleke kwa nyumbu waliotapakaa kwenye nyanda za kusini wakati wa mvua uone zitakavyowaunganisha mmoja baada ya mwingine, mpaka upate "kundi" moja ambalo mwanzo wake na mwisho wake havijuani. Kwa digidigi, ambaye huishi na mwenzi wake, wastani zote mbili zitakuwa karibu na 2 na ugomvi huu usingekuwepo. Kwa hiyo kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya mnyama gani hasa?

Mpenda Hesabu
Nilisema "kwa mfano". Nyumbu wa msafara huhesabiwa kwa picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege, na kinachotafutwa pale ni idadi yao yote, si ukubwa wa kundi.

Dereva Mstaafu
Mfano wako ndio ulionichoma, kijana. Kundi la mbogo hugawanyika asubuhi likaungana tena jioni. Mita zako zitaandika matatu mahali ambapo mimi naliona lile lile moja. Tena kundi la 96 utaliona kwa vumbi lake na ndege wanaolifuata, lakini dume aliyelala kwenye nyasi ndefu utampita kwa hatua hamsini usimwone. Ninyi mnabishana namna ya kugawanya wanyama ambao hamkuwaona.

Mwanafunzi wa Wanyamapori
Wazee wangu, bado sijajua kama niandike 20 au 92.2.

Binti wa Mara
Andika zote mbili, na uorodheshe makundi yote matano, ili atakayesoma ajue kila moja imetoka wapi.

Dereva Mstaafu
Kabla hujaandika chochote, mwanangu, nijibu hili: wale madume wanne, uliwaona mahali panne tofauti, au uliipita barabara ile ile zaidi ya mara moja?

Mwanafunzi wa Wanyamapori
Tulikwenda na kurudi mara mbili, mzee.