Kinasa sauti cha treki nyingi: kila wimbo projekti yake, au usiku mzima projekti moja?

Fidla wa Ngamiani (Tanga)
Assalaam aleikum wanajamvi. Kikundi chetu cha taarabu kinarekodi mazoezi kwa Zoom R16, kinasa sauti ambacho hupokea maiki nane kwa mkupuo, kila moja na treki yake (mkondo wake wa sauti), na kuhifadhi kwenye kadi ya SD. Mpaka sasa nimekuwa nikifungua projekti moja (folda ya rekodi ndani ya mashine) baada ya magharibi na kuifunga watu wanapoondoka, kwa hiyo nyimbo tano, mabishano na hata adhana ya isha vimo ndani ya faili zilezile. Wenzangu wanataka kila wimbo uwe na projekti yake. Nyinyi mnapangaje?

Mzee wa Dumbaki (Tanga)
Waaleikum salaam. Wafuate wenzako, mwanangu, lakini jihadhari na majina. Mashine hiyo huzipa faili majina yake yenyewe, MONO-000, MONO-001 na kuendelea, na projekti mbili zinaweza kuwa na MONO-000 kila moja. Mwaka jana nilihamishia faili za projekti tatu kwenye folda moja ya kompyuta. Ilipouliza kama iweke mpya mahali pa ile ya zamani, nikabofya ndiyo bila kusoma, na sauti ya mwimbaji wetu ikafutwa na mlio wa rika (tari ndogo) wa wimbo mwingine. Mama wa watu aliimba upya, ila si kama siku ile. Tangu hapo naipa projekti jina fupi kabla ya kurekodi, kwa mfano KANGA-02, yaani wimbo wa kanga, jaribio la pili, kisha nahamisha folda nzima bila kuchomoa faili mojamoja.

Msondo Bagamoyo
Shikamoo Mzee. Kwa taarabu nakubali, kwa ngoma hapana. Wapigaji wetu hawasimami kati ya wimbo na wimbo; mpigaji mkuu hubadilisha mdundo na wachezaji wanaingia papo hapo, kwa hiyo ukisimamisha mashine ili ufungue projekti mpya, umeshakosa sehemu tamu kuliko zote. Mimi narekodi mfululizo, naweka alama kwa kitufe cha MARK kila mdundo unapobadilika, kisha nakata nyimbo kwenye kompyuta kesho yake.

Binti Pangani
Mimi natumia Tascam DP-008, ambayo hurekodi treki mbili tu kwa wakati mmoja, na nyimbo zake hukaa katika sehemu ya kadi ambayo kompyuta haiioni. Ni lazima kwanza uzitoe kwenda sehemu ya FAT, yaani ile ambayo kompyuta inaiona. Kwangu kila wimbo ni wa peke yake tangu mwanzo.

Fidla wa Ngamiani (Tanga)
Marahaba kwa Binti, na ahsanteni nyote. Nimepiga hesabu: kwa ubora wa sauti wa biti 24 na 44.1 kHz, treki moja hula takribani MB 8 kwa dakika, hivyo wimbo wetu wa dakika 12 wenye treki nane ni kama MB 760, na kadi ya GB 32 inabeba nyimbo zipatazo 40. Mazoezi yatakuwa projekti kwa wimbo. Usiku wa harusi nitafuata njia ya Bagamoyo. Kadi ya zamani nimeibandika karatasi yenye neno USIFUTE, maana kijana wetu wa maiki ana mkono mwepesi.