Mrejesho: yule msanii aliyetaka biti yangu jumla

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza kama naweza kumuuzia msanii haki zote za biti (mdundo wa kuimbia) ambayo wengine walishachukua leseni ya kawaida, yaani ruhusa ya kuitumia bila kuimiliki peke yao. Kumbe inawezekana, ila leseni za wale wa mwanzo zinabaki hai mpaka ziishe muda wake, na mnunuzi lazima alijue hilo kabla hajalipa. Jamaa alinuna kidogo alafu akaelewa, tukasaini: biti naitoa sokoni, yeye anapata treki zote mojamoja (kila sauti ya biti na faili lake), mgao wa utunzi wa wimbo kati yetu 50 kwa 50. Pia wimbo wake asiusajili Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua sauti iliyosajiliwa ikitumika kwenye video za wengine), maana biti ni ileile na wale wengine wangeanza kudaiwa huko YouTube, hapo ndo nilikaza kweli. Hela imeingia, faili nshatuma.