Tupeane uzoefu: pakeji za R zilikukwamisha wapi, na ulijinasuaje?

Mwalo wa Kibirizi

Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma mjini, nachakata takwimu za mavuno ya dagaa na migebuka, na kazi yote naifanya kwa R, programu ya kuchakata takwimu. Vijana wengi ninaowaona wakianza huishia njiani. Hesabu hazijawashinda hata kidogo, ila pakeji, yaani nyongeza za R, zimegoma kuingia. Inaniuma, maana hakuna anayefundisha sehemu hii. Mwenye kisa akiweke hapa, na amri aiandike vilevile ilivyo ili mwenzake ainakili.

Naanza na changu. Laptopu yangu ina Ubuntu. Nilitaka sf, pakeji ya ramani, nichore mialo ya ziwani kuanzia Kagunga hadi Kalya. Nikaandika kwenye terminali, yaani dirisha la amri:

`Rscript -e 'install.packages("sf", repos="https://cloud.r-project.org")'`

Ikashusha tegemezi zake, yaani pakeji nyingine inazozihitaji, moja baada ya nyingine, maandishi yakapita kama mvua kwa karibu nusu saa, mwisho ikasema `non-zero exit status`, yaani imeshindwa. Nikarudia. Ileile. Mara ya tatu bando likakata, na lilikuwa la wiki nzima.

Kesho yake nikatulia, nikapandisha maandishi juu taratibu. Kumbe sf yenyewe haikuwa na kosa. Iliyoanguka ni units, pakeji inayotegemewa na sf, na ilikuwa imeniandikia waziwazi kwamba inataka `libudunits2-dev`. Jibu lilikuwa pale tangu mara ya kwanza, mimi nasoma mstari wa mwisho tu!

Wenye Windows hawakutani sana na hili kwa sababu CRAN, hifadhi rasmi ya pakeji za R mtandaoni, huwapa pakeji ikiwa imeshatengenezwa. Sisi wa Ubuntu hupewa msimbo ghafi, mashine yako ndiyo iutengeneze, kwa hiyo vifaa vyake lazima viwepo kwanza:

`sudo apt install libudunits2-dev libgdal-dev libgeos-dev libproj-dev`

Baada ya hapo sf ikaingia. Tangu siku hiyo natafuta neno `ERROR` la kwanza kutoka juu.

Binti Unyanyembe

Asante kaka kwa kufungua. Mimi niko Tabora, natumia Windows, takwimu zangu ni za mizinga ya nyuki na asali. Nilinakili amri kama hiyo yako, ila ya lme4, pakeji ya modeli za takwimu, nikaibandika kwenye dirisha jeusi la amri. Kwanza ikasema haiijui Rscript. Nikaongeza folda ya `bin` ya R kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Nikarudia, safari hii bila sehemu ya repos. Haikulalamika, ila haikusakinisha kitu. Ikanirudishia maneno yangu yaleyale:

`[1] "install.packages(lme4)"`

Siku mbili nimekaa na hilo. Tatizo ni alama za kunukuu. Windows haihesabu alama moja ya nje kama mfungo, kwa hiyo R ikaona nimeiandikia sentensi tu. Geuza, mbili ziwe nje na moja ndani:

`Rscript -e "install.packages('lme4', repos='https://cloud.r-project.org')"`

Dada zangu mnaoanza, msidhani nyinyi ndio hamjui. Amri nyingi mnazozikuta zimeandikwa na watu wa Linux.

Mkasulu

Huku kwetu kijijini mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilikwenda mjini kwa rafiki mwenye intaneti nzuri nikabeba zip ya lme4 kwenye flashi. Nimerudi nyumbani, `R CMD INSTALL` ikaipokea vizuri kabisa. Kuita `library(lme4)`, ikasema hakuna pakeji inayoitwa minqa. Amri ile huingiza faili ulilolipa tu, tegemezi haiendi kuzitafuta. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa imeliwa bure.

Safari ya pili, nikiwa kwa rafiki, niliandika hivi ndani ya R:

`dir.create("mzigo")`
`db <- available.packages()`
`p <- c("lme4", tools::package_dependencies("lme4", db, recursive=TRUE)[[1]])`
`download.packages(p, "mzigo", type="win.binary")`

Itatoa maonyo kuhusu stats na methods. Hizo huja na R yenyewe, ziache. Nyumbani:

`install.packages(list.files("mzigo", full.names=TRUE), repos=NULL)`

Zote zikaingia bila hata nukta ya mtandao. Angalizo moja: toleo la R la mashine zote mbili lifanane tarakimu mbili za mwanzo, 4.4 kwa 4.4, la sivyo zip zinaweza kukataa.

Jirani wa Reli

Tabora pia. Umeme ulikatika usakinishaji wa pakeji ya dplyr ukiwa katikati, na betri yangu ni ya jina tu. Kuwasha, kila nikijaribu inasema imeshindwa kufunga folda (`failed to lock directory`). Kuna folda `00LOCK-dplyr` hubaki ndani ya maktaba ya R usakinishaji ukikatizwa. Nimeifuta, nikarudia, basi.

Mama Takwimu

Wa mtandao wa kusuasua: R hukata upakuaji ukizidi sekunde 60. Anza na `options(timeout=1200)` kabla ya install.packages. Iliniokoa Sikonge.

Mwalo wa Kibirizi

Mama, hiyo ya sekunde 60 sikuijua kabisa, na sasa naelewa kwa nini pakeji kubwa zilikuwa zikinikatikia palepale kila siku. Shukrani sana.

Mkasulu, asante na wewe. Nimefuata amri zako usiku huu, nimeandaa mzigo wa lme4 na wa sf kwa Windows, R 4.4, upo kwenye flashi. Aliye Kigoma mjini anitumie ujumbe tukutane Mwanga sokoni Jumamosi asubuhi, aje na flashi yake.