Wauza dawa za kilimo wa Bukavu, mnatuchukuliaje?

Mtanisamehe, leo naandika kwa hasira. Ngano yangu kule Kabare imeanza kutoa masuke, na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, wameyavamia. Majani yananata kwa ule utomvu wao mtamu, sisimizi wanapanda na kushuka kama wako sokoni. Nikateremka mjini kutafuta dawa.

Jamaa akachota kwenye bidoni kubwa, akanimiminia ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Haina karatasi, haina jina. "Ni sipermetrini, dawa ya wadudu, mzee. Kifuniko kimoja kwa pompi ya kunyunyizia." Pompi ya lita ngapi? Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

Sasa sikilizeni. Sipermetrini wanayotuuzia huku ni ile ya mafuta. Ukiitia majini, maji yanageuka meupe pepepe. Niliyoitia mimi kwenye ndoo iliacha maji maangavu, ila yananuka petroli. Nikamrudishia. Jibu lake? "Ongeza kifuniko cha pili." Franga hataki kurudisha.

Jirani yangu yeye alipata kali kweli, kutoka mtu huyohuyo. Chini ya ngano yake kumejaa wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wamekufa wote, na hao ndio waliokuwa wanakula vidukari bure. Vidukari waliojificha ndani ya majani yaliyojikunja wakabaki wazima, kwa sababu dawa hiyo haiingii kwenye utomvu wa mmea, inaua anayeguswa nayo au anayekula jani lililonyunyiziwa. Na kidukari jike hahitaji dume, anazaa watoto hai. Haikupita wiki mbili shamba likajaa tena.

Bila karatasi nitajuaje kama ni ya asilimia 5 au 25? Kifuniko cha ile ya 25 kina nguvu mara tano ya kifuniko cha ile ya 5. Nitajuaje nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna? Ngano hii italiwa na watoto! Na chupa yenyewe ni ya maji, mtoto akiiona mezani atakunywa.

Mwingine juzi kauziwa mankozebu, unga wa njano, eti ya vidukari. Hiyo ni dawa ya ukungu, jamani.

Wakaguzi wanapita sokoni kila siku. Wanakagua nini?

Anayejua duka lenye chupa zilizofungwa kiwandani, hata likiwa ng'ambo Kamembe, Rwanda, aandike bei hapa. Masuke hayanisubiri.