Je, niwanyime vyumba madereva wa malori kwa kuogopa Mpox?

MamaGesti_Makambako ameuliza:

Kamwene, ndugu zangu. Ninaendesha nyumba ya kulala wageni hapa Makambako, karibu na maegesho ya malori, na wateja wangu wengi ni madereva na utingo wao wanaotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam, au wanaopeleka mzigo Zambia na Kongo. Tangu Machi 2025, Wizara ya Afya ilipothibitisha wagonjwa wawili wa Mpox nchini na ikaelezwa kwamba mmoja wao ni dereva wa gari la mizigo aliyetoka nchi jirani, majirani hawanipi nafasi ya kupumua. Mama lishe wa mbele yangu ametenga sahani na vikombe vya madereva, na wenye fremu za jirani wamenijia wakitaka nisimpokee yeyote aliyefika kwa lori. Juzi binti anayenisaidia usafi alikataa kuingia chumba alicholala dereva asiye na upele wala homa, ila alisikika akikohoa usiku.

Sitaki kuwahatarisha watoto wangu, kwa kuwa tunaishi uani katika nyumba hiyohiyo, lakini pia naona vibaya kumfukuza mtu kwa sababu ya kazi yake. Naomba kueleweshwa: ugonjwa huu unaambukizaje hasa? Je, ninaweza kuupata kwa kupishana na mgeni kwenye korido, kwa kupokea fedha mkononi mwake, au kwa kufua mashuka aliyolalia?

Muuguzi_Uyole amejibu:

Ugonile, mama. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Mbeya. Nitaanza na mashuka, kwa sababu hapo ndipo swali lako lina uzito, na ndipo majirani zako hawakugusa.

Virusi vya Mpox hupatikana kwa wingi katika vipele, malengelenge na magamba ya vidonda vya mgonjwa, na humwingia mtu mwingine kupitia ngozi iliyochubuka, hata kama mchubuko hauonekani kwa macho, au kupitia utando laini wa macho, mdomo na sehemu za siri. Ndiyo maana njia kuu ni ngozi kugusana na ngozi: kujamiiana, kubusiana, kumhudumia mtoto mgonjwa, ndugu kulala kitanda kimoja. Matone ya pumzi nayo yanaweza kuambukiza watu wanapokaa uso kwa uso kwa muda mrefu, lakini kupishana kwenye korido si jambo la kukukosesha usingizi. Kuhusu fedha, nawa mikono kwa sabuni, kwani sabuni huvunja utando wa mafuta unaovifunika virusi hivi. Vyombo vya mama lishe vikioshwa vizuri havihitaji kutengwa kwa ajili ya kundi lolote.

Mashuka ni habari nyingine. Majimaji ya vidonda na magamba madogo hubaki kwenye shuka, taulo na blanketi, na virusi hivi vinaweza kukaa hai siku kadhaa, hata wiki, mahali penye baridi na giza. Nawe unajua kwamba mwezi Juni na Julai shuka la Makambako linaweza kushinda kambani mchana kutwa na kuanuliwa lingali bichi. Binti yako anaogopa chumba, lakini huenda jambo la hatari zaidi analifanya kila asubuhi bila kujua, kama wanavyofanya wengi: analivuta shuka, analikung'uta mlangoni ili vumbi litoke, kisha analikumbatia hadi kwenye karo. Asilikung'ute. Alikunje taratibu, upande uliolaliwa ukiwa ndani, alitie moja kwa moja kwenye ndoo, na alifue kwa maji ya moto na sabuni akiwa amevaa glavu za mpira. Godoro lenye kava la nailoni linafutika. La sponji tupu halifutiki, na hilo ningekushauri ulitafutie kava hata kama Mpox isingekuwapo. Taulo zisiwe za kupokezana.

Dalili hujitokeza kati ya siku chache na siku 21 baada ya kuambukizwa: homa, maumivu ya kichwa na mgongo, uchovu, tezi za shingoni, kwapani au kinenani kuvimba, na upele unaoweza kuwa usoni, viganjani, kwenye nyayo au sehemu za siri. Mgonjwa huendelea kuambukiza hadi magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote, jambo linalochukua wiki mbili hadi nne kwa kawaida. Kikohozi peke yake, katika baridi yetu hii, kingenifanya nifikirie kwanza kifua kikuu, na mgeni huyo angefaa kushauriwa akapime.

Mkazi_wa_Mafinga amejibu:

Pamoja na maelezo hayo mazuri, mimi naona mama afunge milango kwa miezi michache. Wenye gari wana pesa na watapata pa kulala. Wakati wa korona tulijifukiza nyungu tukavuka. Kwa hili, atakayetaka kukaa kwake aanze kwa kujifukiza.

Shaba_hadi_Bandari amejibu:

Mimi ni dereva, na nimepita Mafinga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ndugu yangu, barabara hii ina pande mbili. Zambia ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Mpox mwezi Oktoba 2024, alikuwa Mtanzania. Kwa hiyo ng'ambo ya Tunduma sisi ndio tulioanza kuangaliwa kwa jicho ambalo leo mnatuangalia nalo.

Naomba mfahamu pia jinsi mambo yanavyokwenda upande wetu. Dereva akijitokeza na kusema ana kipele, tajiri wake humpa gari mtu mwingine siku hiyohiyo, na posho ya safari inakwenda na gari. Ikiwa tena atanyimwa chumba na sahani ya chakula, atafanya nini? Atavaa shati la mikono mirefu, atapita duka la dawa kununua mafuta ya kupaka na vidonge vya kubahatisha, na ataendelea na safari. Nimewahi kumwona mwenzetu, kwenye foleni ya mpakani, akijipaka dawa viganjani akiwa amepandisha vioo vya gari, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni kitu gani. Huenda yalikuwa mabaka ya kawaida tu.

Mzee_wa_Kalenga amejibu:

Wanangu, jambo hili tulishaliona. UKIMWI ulipoingia nyanda hizi tulisema ni wa madereva na wahudumu wa baa, na kila aliyeoa na kutulia akajiona yuko salama. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kikiwa asilimia 12.7 Njombe na asilimia 11.1 Iringa, wakati kitaifa ni asilimia 4.4. Hao si madereva wote. Nawatajia takwimu hizi pia kwa sababu mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka na hatumii dawa ndiye anayeumizwa vibaya na Mpox, na mtu wa namna hiyo mkoani kwetu anaweza kuwa mpangaji wako, mkweo au wewe mwenyewe.

Jambo jingine: sisi wazee tuna kovu la chanjo ya ndui begani, na kovu hilo linatupa kinga kiasi, kwa kuwa virusi vya ndui na vya Mpox ni vya ukoo mmoja. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, chanjo ikasimamishwa, na waliozaliwa baadaye hawana kinga hiyo.

Muuguzi_Uyole amejibu:

Shikamoo, mzee, na asante. Niongeze kwamba aina ya virusi inayoitwa Ib ilitambuliwa kwanza Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko Kivu Kusini nchini Kongo, ambako mwishoni mwa 2023 ilienea hasa kati ya watu wazima kwa njia ya kujamiiana. Ilipovuka kwenda Burundi mwaka 2024, watoto wengi waliugua pia, maana ilishaingia majumbani. Ndugu yetu wa Mafinga, nyungu haiondoi virusi vilivyomo kwenye ngozi, na mvuke juu ya vidonda vibichi unaunguza.

MamaGesti_Makambako ameandika:

Nimeelewa, na madereva nitaendelea kuwapokea. Bado nina swali: mgeni akifika saa nne usiku, nami nikamwona ana upele wa namna hiyo, nifanye nini?

Muuguzi_Uyole amejibu:

Usimfukuze, kwa kuwa ukimfukuza atalala gesti ya pili au atapanda basi lililojaa. Mpe chumba cha peke yake, mwombe afunike vidonda, mpelekee chakula mlangoni, kisha upige simu 199, ambayo ni ya bure, au umtafute mganga mfawidhi wa kituo cha karibu. Chumba kisiingiwe hadi mpate maelekezo.

Kisha kitazame kitabu chako cha wageni. Mgonjwa akithibitishwa, wataalamu watataka kuwafuatilia kwa siku 21 wote waliokaribiana naye, na vitabu vya gesti nyingi vina majina ya uongo na namba za simu zenye tarakimu pungufu, kwa sababu ambazo kila mtu anazijua.

Shaba_hadi_Bandari amejibu:

Mimi nitaandika jina langu la kweli, mama, ila naomba kitabu kisiachwe wazi mezani, kwani kila anayeingia baada yangu husoma nimetoka wapi na nimelala na nani.

MamaGesti_Makambako ameandika:

Kitakaa kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo nitaushika mimi.