Kweri nyingi kwa mpigo kwenye PHP: multi_query, muamala, au moja moja?

Kodi_Usiku
Wakuu, habari za muda huu. Nina mfumo wa duka, PHP na MySQL. Mteja akinunua kwa mkopo, kweri (amri za databesi) tatu ziende pamoja: kuingiza mauzo, kupunguza stoku, kuandika deni. Nimeziunganisha kwa nukta mkato na kuzipitisha kwenye mysqli_multi_query. Mauzo yanaingia, lakini SELECT ya kuchapa risiti inagoma: "Commands out of sync; you can't run this command now". Nirekebishe hapo hapo au nihamie njia nyingine?

Chapati_PHP
Hiyo ni hitilafu namba 2014, mkuu, databesi yako ni nzima. Kila kweri ina jibu lake, hata INSERT isiyorudisha safu. Majibu yasipochukuliwa yote, muunganisho haupokei kweri mpya. Weka hii chini ya multi_query:

`do { if ($r = $db->store_result()) $r->free(); } while ($db->next_result());`

DadaSeva
Risiti itatoka, ila shida kubwa inabaki. multi_query inarudisha false pale tu kweri ya *kwanza* inaposhindwa. Ya pili ikikwama, mauzo yameshaingia, stoku iko vile vile, na skrini inasema imefanikiwa. Jioni mkihesabu mzigo, kijana wa dukani anaanza kutazamwa vibaya. Na kwa kuwa prepare (inayotenga kweri na data ya mtumiaji) haipokei kweri mbili kwa pamoja, bila shaka umebandika alichojaza mtumiaji moja kwa moja kwenye maandishi ya kweri. Hapo mtu anaongeza nukta mkato na DROP TABLE yake ya kufuta tebo, na multi_query inamtekelezea.

Tumia muamala, yaani zote zifanikiwe au zote zifutwe: begin_transaction, prepare tatu, kisha commit (kuthibitisha). Yoyote ikishindwa, rollback (kurudisha nyuma).

Kodi_Usiku
Sawa dada, lakini si safari tatu za kwenda kwenye databesi badala ya moja?

mzee_wa_tebo
PHP na MySQL viko mashine moja?

Kodi_Usiku
Ndiyo mzee, moja.

mzee_wa_tebo
Basi hutaiona tofauti. Ukiwa unaingiza bidhaa elfu moja za orodha mpya, hapo sawa, tumia INSERT moja yenye VALUES nyingi, usizidishe max_allowed_packet tu, yaani kikomo cha ukubwa wa kweri moja.

Chapati_PHP
Nakubali kwa mauzo. Kwa kusimika mfumo mpya, faili zima la CREATE TABLE, multi_query siiachi. Hapo hata muamala haukusaidii, maana MySQL inafanya commit yenyewe kwa kila CREATE.

mzee_wa_tebo
Kodi, kabla hujashangilia, piga SHOW TABLE STATUS utazame safu wima ya Engine, yaani injini inayohifadhi kila tebo. InnoDB ndiyo chaguo-msingi tangu MySQL 5.5, ila mifumo ya kurithi ina mambo yake.

Kodi_Usiku
Mauzo na madeni ni InnoDB. Stoku ni MyISAM!

mzee_wa_tebo
MyISAM haijui rollback. Mauzo yatafutika, stoku itabaki imepungua. Chukua nakala ya databesi kwanza, subiri duka lifungwe, halafu `ALTER TABLE stoku ENGINE=InnoDB;`